Shahrazad si somo wa bibi harusi



Leo sina habari ya hina wala ya singo. Leo nina ugomvi. Nagombana na hadithi tunayoipenda sote, na hasa na namna tunavyoitumia kila binti anapokaribia kutolewa. Naomba masomo, makungwi, mama zetu na mashangazi waache kumwambia bibi harusi awe kama Shahrazad.

Mnayajua maneno yenyewe. Binti ameposwa na mtu ambaye habari zake zinanong'onwa. Ana hasira. Ana mkono mwepesi. Mke wa kwanza alirudi kwao usiku, hata viatu hakuvaa. Binti anasita. Hapo hatokosi mtu mzima mmoja kwenye mkeka wa kusema: "Mwanangu, mwanamume hugeuzwa na mkewe. Hukuisikia hadithi ya Shahrazad? Yule mfalme akiua kila asubuhi, na mtoto wa watu akamtuliza kwa ulimi mtamu. Wewe huna ulimi?" Watu wanacheka, kigelegele kimoja kinapigwa, na posa inapokewa.

Mwezi uliopita maneno hayo yalisemwa nyumbani kwetu Unguja. Mtoto wa mama yangu mdogo ameposwa. Mposaji ana kazi nzuri, ana nyumba, anasali, na wake wawili wameshatoka kwake. Mmoja wao alitoka mkono umefungwa bandeji. Hili halikufichwa, lilisemwa waziwazi barazani. Wakubwa wakajibu kuwa wale wa mwanzo hawakujua kukaa na mume, lakini huyu wetu ana akili kama Shahrazad, atamweza.

Habari hii niliipata kwa simu, maana mie siko kisiwani. Nilimfuata mume wangu kikazi, na mwaka wa nne huu niko Igogwe, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Huku ni milima, migomba, chai, mvua isiyochoka, na baridi ya Juni ambayo ukitia udhu wa alfajiri meno yanagongana. Waislamu si wengi, na kwa hivyo wanawake tunajuana. Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana jikoni kwa jirani, tunazunguka moto, ndizi ziko chunguni, na mmoja wetu anasoma kwa sauti. Kwa muda mrefu tulikuwa tunasoma Alfu Lela U Lela kwa Kiswahili, ile aliyoitafsiri Hassan Adam na kuchapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa vitabu kadhaa. Pale kitabu kilipokatika nikaendelea kusimulia mwenyewe, mpaka mwisho, na baada ya mwisho. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwanza jikoni Igogwe, halafu kwenye simu yangu na shoga zangu wa Unguja na Pemba.

Tukumbushane kwanza, maana wengi wanalijua jina la Shahrazad kuliko kisa chenyewe. Mfalme Shahriyar alimkuta mkewe na mtu mwingine, akamuua. Ndugu yake Shahzaman yalikuwa yamemfika hayo hayo. Shahriyar akaona wanawake wote ni wamoja, akaapa kuoa mwanamwali kila usiku na kumuua asubuhi. Akafanya hivyo miaka 3, mpaka watu wakakimbia mji na binti zao. Aliyekuwa akimtafutia wasichana ni waziri wake, na waziri alikuwa na binti wawili, Shahrazad na Dunyazad. Siku wasichana walipokwisha mjini, Shahrazad akamwambia baba yake: nioze mimi. Akampanga mdogo wake aje chumbani na amwombe hadithi. Akasimulia, akaikata alfajiri kabla haijesha, mfalme akataka kusikia mwisho, na roho ikasalimika kwa siku moja. Ikawa hivyo usiku 1,001.

Katika mwisho uliochapwa Bulaq, Misri, mwaka 1835, Shahrazad analeta watoto watatu wa kiume, mmoja anatembea, mmoja anatambaa, mmoja ananyonya, na anaomba asiuawe kwa ajili yao. Mfalme analia na kusema ameshamsamehe zamani. Mji unapambwa, na watu wanaishi raha mustarehe.

Nilipomaliza kuwasimulia jikoni, mabinti wawili walishusha pumzi kwa furaha. Bibi mmoja wa Kinyakyusa, aliyesilimu alipoolewa na ambaye amezika waume wawili, aliendelea kumenya ndizi. Halafu akauliza: "Na wale wa kwanza?"

Nikamuuliza wepi.

"Wale waliokufa kabla yake. Mama zao walialikwa kwenye sherehe hiyo ya kupamba mji?"

Wallahi nilinyamaza. Nimeisikia hadithi hii tangu nikilala mguuni kwa bibi yangu, na siku zote nimewaruka wale wasichana. Hesabu mwenyewe: msichana mmoja kila usiku kwa miaka 3, ni wasichana zaidi ya 1,000. Kila mmoja alipakwa hina. Kila mmoja alikuwa na somo wake aliyemwambia jinsi ya kumfurahisha mume. Je, wote hawakuwa na akili? Wote walikosa ulimi mtamu? Ukimwambia binti kuwa Shahrazad alipona kwa hikima yake, umeshamwambia pia, bila kutamka, kuwa wale waliokufa walikufa kwa upungufu wao. Ndivyo wakubwa walivyosema barazani kwetu juu ya wake wale wawili: hawakujua kukaa na mume. Mkono ulivunjwa na mwanamume, na lawama ikabebwa na aliyevunjwa.

Sasa niwajibu shoga zangu, maana nimeletewa maoni mengi na sitaki kuyakwepa.

Rai ya kwanza: Shahrazad ni mfano wa hikima ya mke. Nasema alikuwa na hikima kubwa, lakini haikuwa hikima ya kukaa ndoani. Rudini mwanzo wa kitabu. Hakwenda kwa mfalme kwa kuwa amempenda, wala kwa kuwa posa imeletwa. Alimwambia baba yake kuwa ama atakufa badala ya binti za Waislamu, ama atakuwa sababu ya kuokoka kwao. Hayo ni maneno ya mtu anayekwenda vitani. Aliingia akijua anaingia kwa muuaji, akiwa na mpango, na akiwa na mwenzake ndani ya chumba kile kile. Binti yetu tunamwingiza amefumbwa macho, tumemwambia anaingia kwenye raha, na tumemwambia siri za nyumbani asizitoe. Mwenzake chumbani ni nani? Dunyazad wake yuko wapi?

Halafu mtazameni baba. Waziri alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaleta wasichana, na yeye ndiye aliyezijua asubuhi zao. Binti yake alipoingia hatarini ndipo alipokumbuka ubaba, na alifanya nini? Akamsimulia kisa cha ng'ombe na punda, ambacho mwisho wake mfanyabiashara anampiga mkewe mpaka anakoma kuuliza, na akamtishia binti yake kuwa atamfanya vivyo hivyo. Basi miongoni mwa visa vya mwanzo kabisa katika kitabu hiki, kimoja ni cha baba kumtishia binti kipigo. Mawalii wa leo wanaokaa kwenye posa huku wanajua mposaji ni mtu wa namna gani, wasijifananishe na mzee mwema. Wajifananishe na yule waziri.

Rai ya pili: mfalme aliongoka, na sisi hatufungi mlango wa toba. Ni kweli, mlango wa toba haufungwi na mtu. Lakini toba ina masharti, na mtoto wa chuoni anayajua: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama dhambi inahusu haki ya mtu, kurudisha haki ya mtu. Mfalme Shahriyar alirudisha haki ya nani? Katika mwisho ule wa raha mustarehe hakuna mzazi hata mmoja aliyeitwa. Hakuna dia, hakuna kuombwa radhi, hakuna kaburi lililotembelewa. Na angalieni neno lenyewe linalotuliza roho zetu: alimsamehe. Alimsamehe nini? Shahrazad alikuwa na kosa gani? Mwanamke hana hatia, ameishi karibu miaka 3 chini ya upanga, na sisi tunashangilia kuwa amesamehewa! Dada zangu, mwanamume akikupiga, halafu akakwambia amekusamehe, jua kuwa hajatubu bado.

Rai ya tatu imeniuma zaidi, maana imetoka kwa wanawake wazazi: watoto ndio waliomwokoa, kwa hivyo bibi harusi azae upesi, mume atatulia. Kwanza hata kitabu hakisemi hivyo. Mfalme mwenyewe anasema alishamsamehe kabla ya watoto kuja. Pili, fikirini kama wanawake. Watoto watatu ndani ya usiku 1,001! Huyu mtu alishika mimba, akaugua asubuhi, akavimba miguu, akajifungua, na alfajiri ya kesho bado hajui kama ataishi. Arubaini yake aliikaa wapi? Nani alimkanda kwa maji moto? Tunasoma watoto watatu na kuona baraka. Mie nikisoma sasa naona mwanamke anayemnyonyesha mtoto huku anatafuta kisa cha kesho.

Nimesema niliendelea kusimulia hata baada ya mwisho. Hadithi hii haikukubali kwisha. Vitabu vyake vimekuwa vikiongezwa tangu zamani. Huko Paris, Antoine Galland alipoitafsiri kwa Kifaransa, alitoa vitabu 12 kuanzia 1704 mpaka 1717. Vitabu vya mwisho akavijazia visa alivyosimuliwa mwaka 1709 na Hanna Diyab, Mkristo wa Halab, Shamu. Humo ndimo walimotoka Aladdin na Ali Baba. Kwa hivyo asiniambie mtu kuwa kuongeza sehemu mpya ni kuharibu. Hadithi hii imekuwa ikiongezwa siku zote. Tofauti ni nani anaongeza, na anamuonaje Shahrazad.

Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa mwaka 1845 kisa cha usiku wa elfu na mbili. Humo Shahrazad, baada ya kusalimika, anaona kuna kisa alikiacha, anaanza kusimulia tena. Safari hii anayoyasema ni maajabu ya kweli ya dunia, na mfalme anakataa kuyasadiki, anakasirika, na anaamuru anyongwe. Alistahamili majini na mazimwi yote, akamuua mkewe aliposema kweli. Ni kisa cha mzaha, lakini kila mke aliyewahi kukaa na mtu wa hasira anajua si mzaha. Miaka 3 unapima maneno, siku moja unasahau kupima.

Na Mmisri Naguib Mahfouz alitoa mwaka 1982 kitabu kizima kinachoanzia pale hadithi ilipoishia. Najua jina lake wengi wetu hawalipendi, kwa sababu ya kitabu chake kingine kilicholeta ugomvi mkubwa. Sikutetei hicho. Nazungumzia hiki tu. Kinaanza alfajiri ile mfalme anapotangaza kuwa Shahrazad atabaki mkewe. Waziri anamshukuru Mungu, anakwenda kumpa binti yake hongera. Akamkuta hana furaha. Binti anamwambia baba yake kuwa alijitoa mhanga ili damu isimame, na kwamba mfalme akimsogelea anasikia harufu ya damu. Kadiri kitabu kinavyokwenda, mfalme mwenyewe anaanza kuona aliyoyafanya, anatambua kuwa mkewe hakumpenda, na mwisho anauacha ufalme wake. Mahfouz hakumpa toba ya bei rahisi. Alimtaka aache kitu.

Nilipowaandikia shoga zangu habari ya kitabu hiki, hapo ndipo simu ilipowaka moto. "Kaharibu utamu." "Mwisho wa raha ulikuwa unatosha." "Hadithi ni hadithi, ya nini kuleta damu." Mmoja, nampenda sana na harusi yake ni mwezi ujao, akaandika: "Mie nataka kuingia na moyo mweupe, usinitie harufu."

Mpenzi wangu, nakujibu hapa mbele ya wote kwa mapenzi. Harufu hiyo sikuitia mie, wala Mahfouz hakuitia. Ilikuwamo tangu ukurasa wa kwanza. Sisi ndio tuliofukiza udi mwingi mpaka tukaacha kuisikia. Kama mwanamume wako hana damu mkononi, na namwomba Mungu iwe hivyo, basi hadithi ya Shahrazad haikuhusu kabisa, kwa sababu huhitaji hila ili ulale salama kwako. Na kama anayo, basi huu mwisho wa Mahfouz ndio ulioandikwa kwa ajili yako.

Bibi yetu wa Igogwe alikisikiliza kisa hiki cha mwisho mpaka mwisho. Huku Wanyakyusa wakiamkiana husema "ugonile", maana yake umelala. Akasema: "Huyo sasa ukimwamkia ugonile atakujibuje? Ndoa gani hiyo, mke halali usingizi?"

Tuache hadithi sasa, tuje kwenye dini yetu, maana wanaomtaja Shahrazad kwenye mkeka huwa wanachanganya na jina la Mtume wetu (SAW), na hapo ndipo ugomvi wangu unapokuwa mkubwa. Kama kweli tunataka mfano wa kumpa bibi harusi, tunao, na haukutoka kwa mfalme wa kubuni.

Fatima bint Qays, sahaba, alipokwisha eda aliposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumtaka Mtume (SAW) ushauri. Hadithi imo katika Sahih Muslim. Muawiya akaambiwa hana mali. Na Abu Jahm, Mtume (SAW) akamweleza kuwa ni mtu asiyeiweka chini fimbo yake, na katika riwaya nyingine kuwa ni mwenye kuwapiga wanawake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Tulieni hapo. Abu Jahm naye alikuwa sahaba. Hata hivyo Mtume (SAW) hakuificha habari yake kwa kuona haya, hakusema ni ghiba, hakumwambia Fatima "nenda, wewe una akili, utamgeuza." Alimpa habari kabla ya akadi, kwa uwazi, na akampa njia nyingine. Basi huyo anayesema barazani "tusiwaseme watu wakati wa posa", somo hili amelisoma wapi?

Na mke wa Thabit bin Qays alikuja akasema mumewe hana kasoro ya tabia wala ya dini, ila yeye anaogopa kushindwa kumtimizia haki zake. Akaulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na Thabit akaambiwa amwache. Imo katika Sahih Bukhari. Huyu mume hakuwa na kosa! Hakuambiwa kaa msimulie mpaka moyo uje. Ikiwa mlango ulifunguliwa kwa mwanamke ambaye hakupigwa, anayepigwa tunamfungia kwa dalili gani?

Najua nitakaloambiwa: huyu amekwenda bara, amesahau subira, sasa anavunja majumba ya watu. Hapana. Subira naijua, nami ni mke. Subira ni mume akiumwa, biashara ikianguka, mawifi wakisema, hasira ikija na ikapita kwa maneno. Kukiwa na ugomvi, Sura ya An-Nisaa aya ya 35 imetufundisha wawekwe waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa mke. Tazameni: waamuzi wa pande mbili, mbele ya watu. Haikusemwa mke peke yake, chumbani, usiku, kwa ujanja. Na Sura ya Al-Baqara aya ya 229 imeweka njia mbili tu, kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani. Njia ya tatu, ya kukaa chini ya upanga ukisubiri alfajiri, haimo.

Wala hili si la watu wachache. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kuwa Tanzania wanawake 4 kati ya kila 10, wa umri wa miaka 15 mpaka 49, wamewahi kupigwa tangu wafikie miaka 15. Kwenye harusi yenye wanawake 100 ukumbini, fanya hesabu mwenyewe. Tunacheza beni pamoja nao.

Nisiishie kulalamika. Kwa mabinti mnaoposwa sasa, haya ndiyo ninayowaomba.

Ulizeni. Mposaji aliyewahi kuoa ana watu wanaomjua kuliko imamu wa msikiti wake, nao ni wale waliotoka kwake. Mtume mtu mzima mwenye siri akawasikilize. Talaka peke yake si aibu ya mtu, watu wema huachana. Lakini aliyetoka na bandeji ana neno la kusema, na haki yako ni kulisikia kabla ya akadi, si baada ya fungate.

Shartini. Ndoa katika Uislamu ni mkataba, na sharti halali linalokubaliwa kwenye akadi lina uzito. Mwambieni walii alitamke na liandikwe.

Mjue sheria iko wapi. Kwa tulioko Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Visiwani kuna Mahakama ya Kadhi, na mwanamke anaingia kwa miguu yake kudai ndoa yake ivunjwe kwa madhara. Kwenda huko si kuasi.

Na kila mmoja awe na Dunyazad wake. Hili ndilo pekee ninalolichukua kwa Shahrazad na kulipeleka kwenye mkeka wa singo. Hakuingia peke yake. Mchague dada, shoga, somo, mtu ambaye utampigia simu saa yoyote na atakuja bila kukuuliza ulimkosea nini. Na sisi tulioolewa zamani tuwe watu wa kupigiwa simu hizo. Siri ya nyumba ni chakula kilichopungua na deni la dukani. Mkono uliovunjika si siri ya nyumba.

Sikuambieni mkitupe kitabu. Ibn al-Nadim wa Baghdad, karne ya 10, alikiona cha Kiajemi kilichokitangulia akasema ni kitabu hafifu. Misri mwaka 1985 mahakama iliamuru nakala zake zikamatwe. Watu bado wanakisoma, na mie nitaendelea kukisoma jikoni Igogwe, maana majini yake, mabaharia wake na vinyozi wake ni raha ya macho na masikio. Mwacheni Shahrazad abaki alivyo, shujaa aliyeingia kwa muuaji ili wengine wapone. Shujaa huombewa dua. Hapelekwi kila binti wa miaka 22 akarudie vita vyake.

Mtoto wa mama yangu mdogo nimemwandikia haya yote kabla ya kuwaandikia ninyi. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, sauti yake ndogo, akaniuliza kama namjua mtu anayemjua yule mke wa bandeji. Nikamwambia namjua. Wameshaonana. Waliyozungumza ni yao, siyasemi hapa. Jibu la posa lilikuwa litolewe Ijumaa iliyopita, na ameomba wazee wampe muda. Wazee wamekasirika. Shangazi mmoja amesema huko bara nimemharibu mtoto.

Mwombeeni dua, na kila binti aliyekaa kwenye mkeka wiki hii awe na wa kumuuliza anachokiogopa, na ajibiwe kweli. Mola atujaalie waume ambao tukilala kwao tunalala.

Wabillahi tawfiq.